Bunduki za kijeshi za kale: maswali ninayoulizwa kila wiki Arusha na Moshi

Benchi langu liko Unga Limited, Arusha, nyuma ya wachomeleaji wa mageti. Kazi iliyonilisha miaka mingi ni bunduki za kampuni za uwindaji: kubadilisha springi, kunyoosha vilengeo vilivyopinda kwenye Land Rover, kutibu kutu ya masika. Katikati nilifanya misimu kadhaa kusini, Namibia, kwa mzee mmoja aliyekuwa anajaza risasi zake mwenyewe, yaani ganda lililokwisha kupigwa analirudishia baruti na kichwa, na kupiga shabaha kwa bunduki za vita vya zamani. Huko ndiko nilikoambukizwa ugonjwa huu. Niliporudi maswali yakaanza, mengine ya simu, mengine ya watu wanaokuja na picha kwenye WhatsApp. Nimeyaandika yale yanayojirudia ili mtu asome kwanza, halafu tukikutana tuongee mengine.

Ukisema bunduki ya kale ya kijeshi, unamaanisha ipi hasa?

Simaanishi gobore. Gobore hujazwa baruti mdomoni, na mara nyingi limefuliwa na mhunzi wa kijijini. Ninayoizungumzia ni bunduki iliyotoka kiwandani kwa ajili ya jeshi, inatumia risasi kamili yenye ganda la shaba, na unaikoki kwa mkono kila unapopiga. Kwa ukanda wetu wa Kilimanjaro na Meru majina ni machache. Kuna Mauser ya 1871 ya Wajerumani, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi. Kuna Mauser ya 1898, ambayo mpaka leo ndiyo mama wa bunduki nyingi za kuwindia nyati. Kwa upande wa Waingereza kuna Martini, ile ya wenzo chini ya mkono, na Lee-Enfield ya .303 yenye magazini ya risasi 10. Ukileta habari ya SMG, umegonga mlango usio wake.

Babu alifariki Machame, tumekuta bunduki darini. Nikuletee uiangalie?

Hapana. Usiilete kwangu, usiipakie kwenye bodaboda ndani ya kiroba, na usimwambie binamu aje nayo kwenye basi. Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu ni lile lile: iache ilipo, funga chumba, nenda kituo cha polisi mikono mitupu. Waambie marehemu alikuwa na silaha, eleza iko wapi, kama mna kitabu chake cha leseni kipelekeni. Wao ndio watakaokuja au kukuelekeza namna ya kuifikisha. Leseni hutolewa kwa mtu, hairithiwi pamoja na kihamba cha ukoo. Ndugu anayetaka kubaki na silaha anaomba upya kwa jina lake, kuanzia serikali ya mtaa au kijiji mpaka kwa Msajili wa Silaha. Na kama babu hakuwa na karatasi hata moja, serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa. Usisubiri tangazo ukiwa nayo chini ya kitanda, nenda kaulize.

Jambo moja kabla hujafunga mlango: usiikoki "kuona kama inafanya kazi". Bunduki iliyolala darini miaka 40 inaweza kuwa na risasi chemba, yaani kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Nimeshaona ya namna hiyo, buibui wamejenga mdomoni na risasi iko ndani inasubiri.

Sheria inaniruhusu kujaza risasi nyumbani?

Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mtu anayejaza ganda anatengeneza risasi, hata akiziita "za kuchezea". Kwa hiyo hapa Arusha sijazi wala simjazii mtu. Ukitaka kuifanya, njia ni moja: andika kwa Msajili, upate jibu la maandishi, ndipo ununue kifaa cha kwanza.

Basi kwa nini unayajua na kuyaandika haya?

Kwa sababu vijana wetu wa uwindaji wanapokea wageni kutoka Marekani na Afrika Kusini wenye sanduku la risasi walizojaza wenyewe gereji kwao. Mgeni akisema "hizi nilizijaza wiki iliyopita", kijana anayembebea bunduki ajue aulize nini, na ajue dalili za risasi mbaya kabla haijapasuka pembeni ya sikio lake. Wengine wanakwenda kufanya kazi nchi ambako kujaza ni jambo la kawaida kama kusuka nywele. Na sababu ya tatu ni historia, ambayo wengi hawaijui, kwamba kazi hii ilishafanyika Moshi kwa kiwango kikubwa kabla babu zetu hawajaiona lami.

Moshi? Nani alijaza risasi Moshi?

Jeshi la Wajerumani, mwaka 1915. Hapa nitakaa kidogo.

Vita vilipoanza 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871. Ukipiga risasi moja, linatoka wingu jeupe, na adui akiliona anajua ulipojificha. Novemba mwaka huo Waingereza walishuka Tanga wakapigwa, wakaacha mamia ya bunduki za kisasa na risasi zaidi ya laki tano. Jeshi likapata nafuu, ila risasi haziotewi kama mahindi. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani.

Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ikapenya hadi ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki na risasi kwa mamilioni. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifuata na kuipiga mizinga ndani ya ghuba. Meli ikazama kwenye maji mafupi, Waingereza wakaondoka wakidhani imekwisha. Wajerumani wakaanza kuopoa shehena. Bunduki zilipona. Risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti zilivyoendelea kuharibika siku hadi siku, na risasi zisizolia zikaongezeka. Dawa ilikuwa moja: kuzifumua zote. Kazi ikapelekwa Moshi Mpya, kwenye kituo cha mwisho cha reli ya kutoka Tanga, yaani mji wa Moshi wa leo. Old Moshi iko kule juu mlimani. Miezi kwa miezi, asubuhi hadi jioni, kila mkono uliopatikana ulikuwa unang'oa vichwa vya risasi, unaanika baruti, unabadilisha fataki pale nyingine zilipopatikana, unarudishia. Kisha walizijaribu. Zile nzima ambazo hazikuguswa na maji ziliwekewa bunduki za rashasha. Zilizofumuliwa na kurudishiwa, fungu ambalo risasi 20 kati ya 100 hazikulia likaenda vitani, na lililokuwa baya zaidi ya hapo likawa la mazoezi.

Fikiria askari amelala kwenye nyasi za Longido au Taveta akijua kwamba katika kila risasi tano, moja itasema "tk" tu. Ukipita stesheni ya Moshi, yale majengo yanayosinzia, kumbuka askari na watu wengine waliokaa huko wakianika baruti kama wanaoanika kahawa. Sijakutana na jina lao hata moja.

Nianze na bunduki ipi?

Kama uko mahali sheria inakuruhusu kumiliki na kuipiga, anza na ile ambayo risasi zake bado zinatengenezwa. Lee-Enfield ya .303 ni mwalimu mpole. Bolti yake, kile chuma cha kufungia risasi kwa nyuma, inateleza kama droo iliyopakwa nta, na imeundwa kuvumilia matope. Ina tabia mbili za kujua mapema. Ya kwanza, risasi yake ina ukingo kitakoni, kwa hiyo ukipakia magazini ukingo wa risasi ya juu ukae mbele ya ule wa chini. Ukikaa nyuma zinang'ang'aniana na utabaki unapiga ngumi bolti. Ya pili, meno yake ya kufungia yako nyuma ya bolti, si mbele, hivyo chuma kinanyumbuka kidogo kila unapopiga. Hilo litamhusu mjazaji, nitarudi.

Mauser ya 1898 ni ngumu kuliko Lee kuizoea lakini ni salama kuliko nyingi za rika lake. Meno mawili mbele, la tatu nyuma la akiba, na matundu ya kutoa gesi pembeni ikitokea ganda limepasuka. Ndiyo maana watengenezaji wa bunduki za nyati waliing'ang'ania.

Mauser ya 1871 na Martini usianze nazo. Ni kama mtu kujifunzia udereva kwenye lori la mwaka 47.

Nitajuaje kama bunduki ya zamani inafaa kupigwa?

Hutajua kwa kuitazama. Mbao zinaweza kung'aa kwa mafuta ya kitani na chuma ndani kikawa kimekwisha. Mimi naenda hivi.

Kwanza namba. Mauser nyingi zina namba kwenye mwili, kwenye bolti na hadi kwenye skrubu. Namba ya bolti ikitofautiana na ya mwili, ujue zimekutana ghalani baada ya vita, na hakuna aliyepima kama zinaelewana. Kinachotakiwa kupimwa ni nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikiwa imekaa chemba. Ikizidi, ganda linarudi nyuma wakati wa mlipuko, linanyooka, linakatika. Kuna geji za chuma za kazi hii, mbili au tatu kwa kila aina ya risasi. Bolti isifunge juu ya geji ile inayosema hapana. Kwa Lee-Enfield namba 4, ya vita ya pili, vichwa vya bolti vilitolewa kwa urefu tofauti, 0 hadi 3, ili fundi abadilishe nafasi ikiongezeka. Ile ya zamani zaidi haina bahati hiyo, fundi anajaribu kichwa kimoja kimoja.

Pili, mtutu. Toa bolti, weka karatasi nyeupe mbele, chungulia kwa nyuma. Unatafuta mambo mawili, mwanga usiovunjika na mifereji (ile inayoizungusha risasi) yenye kingo. Mtutu mweusi si lazima uwe mbovu; nimeona wa kama masizi ya jikoni ukapiga vizuri kabisa. Unaonitia wasiwasi ni ule wenye pete. Ukizungusha karatasi ukaona kivuli cha duara kimesimama sehemu moja, hapo mtutu uliwahi kuvimba, labda risasi ilikwama nyingine ikaifuata. Bunduki hiyo itundikwe ukutani, kwa mwenye kibali cha kuitundika.

Tatu, mbao nyuma ya bolti. Ufa mdogo hapo unakuwa mkubwa kwa teke moja.

Baada ya hapo bado apewe fundi. Mtu aliyenunua bunduki hawezi kuwa hakimu wa bunduki yake, ameshaipenda.

Nimesikia kuna Mauser mbili za milimita 8 zinazofanana. Kweli?

Kweli, na hapa watu wamepoteza macho. Wajerumani walianza 1888 na risasi yenye kichwa cha milimita 8.08 hivi. Mwanzoni mwa karne iliyofuata wakaleta kichwa kilichochongoka, chembamba kwa sura lakini kinene kwa kipenyo, 8.2 na kidogo. Ganda ni lile lile. Risasi mpya inaingia kwenye bunduki ya zamani bila kulalamika, halafu inalazimishwa kupita mtutu mwembamba kwa nguvu kubwa kuliko iliyotarajiwa. Bunduki nyingi za 1888 zilichongwa upya na kugongwa alama ya S, lakini alama ni herufi tu, iligongwa na mtu, na mtutu ungeweza kubadilishwa baadaye.

Dawa yake ni kupima. Nenda kwa wauza nyavu, nunua chubwi laini ya madini ya risasi iliyo nene kidogo kuliko mtutu. Paka mafuta ndani ya mtutu, igonge taratibu kwa nyundo ya mbao iingie mdomoni, isukume mpaka itokee nyuma kwa fimbo ya shaba. Itatoka imechorwa mifereji yote kama muhuri. Ipime kwa maikromita. Mauser nyingi zina mifereji 4, zinapimika. Lee-Enfield nyingi zina 5, na hapo vernia, kipimio cha taya mbili, inakudanganya, kwa sababu mfereji mmoja unatazamana na mwinuko, si na mfereji mwenzake. Kwa hizo tafuta mtu mwenye kifaa cha pembe tatu. Usishangae .303 ikikupa 7.95 au zaidi badala ya 7.90, wakati wa vita viwanda havikuwa na muda wa kubembeleza vipimo.

Risasi ina vitu gani ndani yake?

Vinne. Ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti, na kichwa. Kichwa kinakwenda zake, baruti inakuwa moshi, fataki imekufa, linabaki ganda. Kujaza ni kulipatia lile ganda maisha ya pili.

Fataki ndizo zinazoamua kama ganda linajazika kirahisi. Kuna za Berdan na za Boxer. Ya Boxer ina kinundu chake ndani yake, na ganda lina tundu moja katikati, kwa hiyo unaisukuma itoke kwa pini. Ya Berdan kinundu kiko kwenye ganda lenyewe na matundu ni mawili madogo pembeni; pini ukiiingiza inavunjika. Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani, Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani wakakumbatia ya Boxer, na majeshi ya Ulaya mengi yakachukua ya Berdan. Chukua tochi, chungulia ndani ya ganda: tundu moja, lichukue, mawili, liache kwa wenye subira.

Vifaa vya kuanzia ni vipi?

Presi ya mkono iliyofungwa kwenye meza isiyotikisika. Dai za risasi yako, yaani vyuma vyenye tundu vinavyofungwa kwenye presi, ile ya kurudisha ganda umbo na ile ya kukalisha kichwa. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya grein; grein ni kama miligramu 65, na mizani ya jikoni haiioni kabisa. Vernia. Kisahani cha mafuta ya kupaka maganda. Trei ya mbao yenye matundu 50. Na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti ile ile utakayotumia, toleo jipya.

Mashine za kujaza risasi mia kwa saa usizitazame mwaka wa kwanza.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Ganda linaoshwa, linapakwa mafuta kidogo, linapitishwa dai ili lirudi umbo, fataki ya zamani inatoka. Linapimwa urefu, likizidi linakatwa. Fataki mpya inakalishwa, na kidole kipite juu yake: iwe chini ya uso wa ganda kwa unywele, isichomoze. Baruti inapimwa, kichwa kinakalishwa. Hapo umeelewa kwa maneno. Mzee wangu wa Namibia hakuniruhusu kugusa baruti miezi miwili, nilikuwa naosha maganda na kuyapima tu. Nilikasirika. Sasa namwelewa.

Kilichonifanya nimwelewe ni ganda la .303. Nilisema Lee-Enfield inanyumbuka, na chemba zake za kijeshi ni pana ili risasi yenye matope iingie. Ganda likipigwa linavimba kujaza chemba, dai inalibana kurudi, linapigwa tena, linabanwa tena. Kila safari shaba inasogea mbele, na ukuta unakonda sehemu moja, juu kidogo ya kitako. Mimi nilikuwa na maganda niliyoyajaza mara tano na kuyaona mazuri. La sita lilipiga sawa, nikavuta bolti, kikatoka kitako peke yake kama kifuniko cha soda. Mwili wa ganda ulibaki chemba. Gesi kidogo ilinipuliza shavuni; nilikuwa na miwani. Mzee hakunifokea. Alichukua spoku ya baiskeli, akakunja ncha kama ndoano, akainoa, akanipa pamoja na maganda yote yaliyobaki kwenye fungu lile. "Kwaruza ndani, kutoka chini kwenda juu." Kwenye ganda la tatu ncha ilidondoka ndani ya kijifereji, unakisikia kabisa kidoleni kabla jicho halijaona kitu nje. Manane yalikuwa hivyo. Nje ya mengine kulikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kama uzi, ambao nilikuwa nimeuona na kudhani ni alama ya dai.

Tangu hapo, siku zote nilizojaza .303 kule Namibia sikubana ganda zima. Nilibana shingo tu, ganda libaki na umbo la chemba ile ile lililotoka, na halikuhamishwa bunduki. Spoku bado ninayo.

Nipe basi kipimo cha baruti cha .303.

Sitakupa, wala usikichukue kwa mtu kwenye simu. Kipimo kinategemea baruti ya jina gani, kichwa cha uzito gani, ganda la nani. Kitabu cha mtengenezaji kinakupa pa kuanzia na pa kuishia. Unaanza chini. Kwenye bunduki yenye miaka mia hakuna sababu ya kuitafuta ile namba ya juu, karatasi ya shabaha haijui umetumia nguvu kiasi gani.

Jambo linaloua wajazaji ni kujaza mara mbili. Baruti zinazoungua haraka, kwa vipimo vidogo, hazijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo kipimo mara mbili kinaingia bila kumwagika. Maganda yote 50 yasimamishe kwenye trei, chukua tochi, mulika kila moja kabla ya kukalisha kichwa. Baruti iwe moja tu mezani. Simu ibaki chumba kingine. Jirani akipiga hodi, kazi isimame, na ukirudi anza trei nzima kuitazama upya.

Kuna tofauti gani kati ya baruti nyeusi na hii ya sasa?

Kama tofauti ya kuni na petroli. Nyeusi ni mkaa, salfa na shura, imekuwepo karne na karne, inatoa moshi mwingi na inachafua mtutu baada ya risasi chache. Ile isiyo na moshi ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1884 na mkemia Paul Vieille, na ndani ya miaka michache kila jeshi la Ulaya lilikuwa linakimbizana kubadilisha bunduki. Mauser ya 1871 na Martini-Henry ziliundwa kwa nyeusi, kwa chuma cha wakati ule. Ukizitilia baruti ya kisasa kwa kipimo cha macho, umetengeneza bomu la mkono lenye kitako cha mbao. Na nyeusi nayo ina sharti lake: isiachiwe nafasi ya hewa ndani ya ganda, kichwa kikae juu yake.

Waingereza wao walikuwa na kodaiti, baruti yao isiyo na moshi. Ukifungua .303 ya zamani haimwagiki unga, zinatoka tambi, kahawia, zimelala sambamba kama fungu la spageti. Ziliingizwa kabla shingo ya ganda haijabanwa, vinginevyo zisingepita.

Nimepata sanduku la risasi za vita, bado zina karatasi yake. Nizipige?

Acha ushindani na mababu. Kwanza, umiliki wake unahitaji leseni kama risasi mpya. Pili, fataki nyingi za zamani zina chumvi ya kloreti, ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inaita maji. Kwa masika ya Moshi, bunduki uliyoipiga Jumamosi na kuiacha itakuwa na kutu Jumatatu. Baadhi zina zebaki pia, inayofanya shaba iwe kavu na kupasuka, kwa hiyo ganda hilo halifai kujazwa tena hata likionekana zuri.

Nikizipiga tayari, nasafishaje?

Maji. Watu wanabisha, lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Toa bolti, mimina maji ya moto sana kutoka chemba hadi mdomoni, birika moja linatosha, yachuruzike nje na si kwenye mbao. Moto wa maji unasaidia chuma kukauka chenyewe. Kausha kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo mafuta. Uso wa bolti usisahau. Kesho yake chungulia tena.

Nimevuta kifyatulio, haikulia. Nifungue?

Usifungue. Mdomo ubaki unaelekea shabaha, hesabu mpaka 60 bila haraka. Risasi iliyoingia unyevu inaweza kufikiri kwanza. Baada ya hapo fungua taratibu uso ukiwa pembeni.

Mbaya kuliko ukimya ni sauti ndogo. Ukisikia "puf" badala ya mlio, simama, hata kama wenzako wanacheka. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Toa bolti, pitisha fimbo. Ile pete niliyoitaja juu inatengenezwa namna hii, na mtu aliyekuwa na haraka.

Joto la gari lina shida?

Lina. Risasi zilizokaa juu ya dashibodi kutoka Arusha hadi Ziwa Natron zinapanda mgandamizo kuliko zilizokaa kivulini. Ziweke kwenye kisanduku chini ya kiti, chenye kufuli.

Teke lake ni kali?

Kitako cha chuma, ndiyo. Vaa koti.

Arusha napigia wapi?

Mahali palipoidhinishwa na polisi wakijua, na mwenye leseni ya silaha hiyo akiwepo. Shamba la shemeji Monduli halimo. Risasi ya .303 ikikosa kilima inakwenda kilomita, na kule kuna mifugo na watoto wanaoichunga.

Tumelima Kahe tukafukua risasi za kijani na chuma kikubwa cha mviringo. Ni mali?

Kahe palipiganwa Machi 1916, siku chache baada ya Waingereza kuingia Moshi, na Wajerumani waliacha hapo hata mzinga mmoja mkubwa wa meli yao ya kivita, Königsberg. Kwa hiyo siwashangai. Risasi za kijani ni shaba iliyooza, fataki yake inaweza kuwa hai bado. Msizigonge wala kuzitia motoni kupata shaba ya kuuza. Kile chuma kikubwa msikisogeze kabisa. Wekeni matawi kuzunguka, watoto wafukuzwe, trekta lipite upande mwingine, na mmoja aende kwa mtendaji na polisi leo hii. Muuza skrepa akija na mizani yake, mwambieni shamba limefungwa.